Barua kwa Sahibu Aliyenyamaza Tangu Bilbao

Kibokoni, Mombasa
26 Mei 2025

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mama yako nilimpitia Ijumaa baada ya swala, ni mzima, mguu umempungua, na ameniagiza nikwambie umtumie tena yale mafuta ya kuchulia. Hayo ndiyo ya heshima. Sasa tuje kwenye letu.

Umenyamaza tangu Jumatano. Nakutumia ujumbe, alama mbili zinageuka buluu, jibu hakuna. Nikirekodi sauti husikilizi. Nikaona bora nishike kalamu, nimpe ami yako anayepanda ndege wiki hii, akukabidhi mkononi mbele za watu hapo Doha, usipate pa kukimbilia.

Nianze na Bilbao kule Uhispania, ilikochezwa ile fainali, maana najua ndipo hutaki paguswe. Wewe wa Manchester United unadhani sisi watu wa Arsenal usiku ule tulikuwa harusini. Wallahi sivyo. Hebu ifikirie taabu yetu: fainali ya Yuropa, lile kombe la pili la Ulaya, huku Manchester United, huku Tottenham, mahasimu wetu wa jadi. Ukiomba Man U ifungwe, umemwombea Tottenham kombe. Ukiomba Tottenham ifungwe, wewe utatupigia simu mpaka Idi ya mwaka ujao. Pale kwenye kibanda cha kutazamia mpira tulikaa safu ya nyuma tumekunja mikono, kila mmoja anamtazama mwenziwe aone nani atathubutu kushangilia kwanza. Dakika ya 42 ikaja ile krosi, mpira ukambabatiza Luke Shaw, Brennan Johnson naye kauchomekea mguu, ukajikokota wavuni. Si bao la kuliangalia mara mbili. Lakini mtu mmoja nyuma yetu alicheka kwanza, tukafuata wote, na dhambi tukagawana.

Na ile ya kipindi cha pili ndiyo najua inakukosesha usingizi. Kipa wa Tottenham ameukosa mpira, Højlund wenu amepiga kichwa, goli li wazi, mpira unaelea tu kwenda zake. Van de Ven, beki wao, akaruka kinyumenyume, mguu umepanda juu ya kichwa chake mwenyewe, akautoa mstarini. Waliokuwa wamesimama na jezi nyekundu walikuwa wameshaanza kupiga yowe. Yowe likakatikia kooni. Mara nne mmekutana nao msimu mmoja, mara nne mmefungwa! Hata kwa bahati nasibu mtu hushinda mara moja.

Yule dereva wa tuktuk wa Makadara unamkumbuka? Shabiki wa pekee wa Tottenham tunayemjua, aliyekuwa akikaa karibu na mlango kila mechi apate kutoka upesi. Filimbi ilipolia hakupiga kelele hata kidogo. Alivaa viatu, akazunguka kibanda kizima akampa kila mtu mkono, mmoja mmoja, kama mfiwa anayepokea rambirambi. Asubuhi yake tuktuk ilikuwa na shuka nyeupe mbele, rangi ya timu yake. Kombe la mwisho Tottenham kulinyanyua ilikuwa 2008, kuna abiria wake wa shule ambao hawakuwa wamezaliwa. Sasa hata nauli hapunguzi. Na ligi ndiyo imeisha jana, nyinyi wa 15, yeye wa 17, na kwa kombe lile mwakani yuko Ligi ya Mabingwa. Wa 17! Nyinyi mtakuwa nyumbani mnatazama.

Lakini fainali, yakhe, haina maneno. Inachezwa usiku mmoja, aliyelia amelia. Utamu wa Ulaya ni mikondo miwili, mechi moja nyumbani na moja ugenini, na katika mikondo miwili utamu wenyewe ni ile wiki ya katikati ya mechi hizo. Hiyo ndiyo niliyotaka kukuandikia, maana mwaka huu nimeiona wiki hiyo bila wewe na haikunipendeza.

Chukua ya Real Madrid, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Aprili 8, saa nne usiku, mkondo wa kwanza kwetu. Declan Rice wetu, mtu ambaye tangu aanze kulipwa mshahara wa mpira hajawahi kufunga kwa frikiki, anamfunga Courtois, kipa wao, frikiki mbili ndani ya dakika kumi na mbili. Ya kwanza aliuzungusha ukuta kwa nje, kipa akaruka akachelewa. Ya pili ilikwenda kukaa kona ya juu kabisa, na hapo kibanda kizima tulinyamaza kidogo kabla ya kupiga kelele, kwa sababu mtu haamini. Merino akatia la tatu. Tukatoka pale tunatembea katikati ya barabara.

Asubuhi maskani, watu wa Madrid wakatupokea na chai. Hawana habari. Wana makombe 15, wanazungumza nawe kwa upole kama daktari anayekupa majibu mabaya. Fundi wa simu wa Bondeni hakubisha matokeo, alitukumbusha tu mwaka 2022: Manchester City wako mbele kwa mabao mawili dakika ya 89 pale pale Bernabéu, Rodrygo akafunga mawili kabla ya mtu kumaliza kusema audhubillahi, kisha Benzema akamaliza kazi kwa penalti. “Nyinyi mna matatu tu,” akasema, akarudi kwenye simu zake. Kila siku neno lilelile, kwa sauti ileile. Kufikia Jumapili sisi tulioshinda ndio tuliokuwa hatulali, wao wanakula viazi karai na kutuulizia hali. Hapo ndipo nilikutafuta. Wewe ungemjibu. Wewe ni Man U lakini Madrid unawachukia kuliko unavyotuchukia sisi, na mdomo wako ungetufaa. Ulinitumia kijembe kwa simu, “mtapigwa manne,” kikafika nikiwa kazini, nikakisoma peke yangu kwenye foleni ya lifti. Kijembe cha kusomwa peke yako hakina raha.

Aprili 16, marudiano kwao, Saka wetu akapewa penalti mapema, akaona aibu kuipiga kama binadamu, akaidokoa katikati, Courtois akaizuia. Fundi wa simu hakusema neno, aliinua tu vidole vitatu, akakunja kimoja, ingawa hakuna bao lililofungwa. Vita vya akili hivyo! Ikafika saa sita usiku tumeshinda mbili kwa moja, tano kwa moja kwa jumla, na Martinelli ndiye aliyefunga mlango. Fundi alilipia kahawa ya watu wote. Ndio adabu ya wiki ya katikati hiyo, ukisema umesema, na ukishindwa unalipa.

Kesho yake ikawa zamu yenu na Lyon, marudiano ya robo fainali ya Yuropa, na hapa nitakupa haki yako maana hutakaa uisikie tena kutoka kwangu. Mko mbele mbili bila, zikawa mbili mbili, wao wakabaki kumi, kisha kwenye muda wa ziada hao kumi wakawafunga mawili. La nne ni penalti ya Lacazette, aliyekuwa wetu, na usiku ule alirudi kuwa wetu kwa dakika tano. Yule jamaa yako wa Likoni, mwenye duka la vipuri, akasimama akasema yeye anawahi feri, hawezi kukaa kutazama maiti ikioshwa. Akaondoka. Bruno akafunga penalti, Mainoo akasawazisha dakika ya 120, na kabla watu hawajakaa Maguire akaruka akapiga kichwa, tano nne. Maguire! Mtu aliyeanzisha nusu ya mzaha wa dunia. Jamaa wa Likoni anasema alisikia yowe akiwa kwenye foleni ya feri, akadhani Lyon wameongeza la tano, akazima simu. Sasa ukikutana naye anakuhadithia lile bao la Maguire kama aliyelipigia krosi yeye mwenyewe. Tumeamua tusimsute.

Mzee wetu wa kahawa anakusalimu sana. Bado anapita na dele baada ya isha, bado kikombe hakijai. Lakini kazi yake ya pili imekufa na hajapona. Unajua alivyokuwa kadhi wa bao la ugenini, ile sheria kwamba mikondo miwili ikiisha sare kwa jumla, aliyefunga mengi ugenini ndiye apitaye. Wiki ya katikati ilipoingia tulimsogezea kigoda, akaweka dele chini, akachukua makaa akaandika kwenye ukuta wa baraza: mkifunga moja wao wanahitaji matatu, wakipata mawili nyinyi mmepita, wakipata moja kwenu mmekwisha. Sheria ile ilikuwapo tangu 1965, UEFA wakaifuta 2021. Sasa watu wanajumlisha tu, na kujumlisha hata mtoto wa chuoni anajumlisha. Alijaribu kuanza upya na hesabu za kadi za njano, hakuna aliyesikiliza.

Mimi naye tunagombana juu ya hilo. Yeye anasema sheria ilikuwa na akili, nami nasema ilikuwa dhuluma, na nina ushahidi. Mwaka 2013 tulitoka sare ya tatu tatu na Bayern kwa jumla, tukatolewa. Mwaka 2015 tatu tatu na Monaco, tukatolewa. Lakini nyinyi, mwaka 2019, mnafungwa mbili bila Old Trafford na PSG, mnakwenda Paris, Rashford anapewa penalti ya VAR dakika za majeruhi, tatu tatu, mnapita! Na Tottenham mwaka huohuo, tatu tatu na Ajax, wakaingia fainali. Sheria ikila inakula kwa Arsenal, ikitapika inatapikia kwenu. Mzee anajibu kwamba sheria ilikuwa imesimama mlangoni kila mtu anaiona, ni sisi tuliokuwa tukiruhusu mabao matatu nyumbani kwetu. Sina jibu la hilo, lakini sijamwambia.

Ukitaja 2019 mtu hawezi kupita bila zile siku mbili za Mei. Ramadhani ndiyo kwanza imeingia, tarawehe imekwisha, tuko kwenye ile televisheni ndogo ya kwenu iliyokuwa ikipigwa kofi ndiyo ionyeshe rangi. Nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Liverpool wameshafungwa tatu na Barcelona mkondo wa kwanza, Salah hayupo, Firmino hayupo, wamempanga Origi. Na sisi kwa Origi hatuangalii jezi, babake ni Mike Okoth wa Harambee Stars, kwa hiyo mtoto ni wetu hata akizaliwa Ubelgiji. Akafunga la kwanza, akafunga la nne: Alexander-Arnold anajifanya anaiacha kona, anageuka, anaipiga, mabeki wa Barcelona bado wanapangana, mmoja kageuzia mpira mgongo. Mama yako alidhani tumepigana. Usiku wa pili yake Wanyama, Mkenya wetu wa Tottenham, kaanza pale Amsterdam kwa Ajax, akatolewa mapumziko Tottenham wakiwa nyuma mbili bila, kisha Lucas Moura akafunga matatu, la mwisho dakika ya 96. Fainali Origi akafunga tena, Wanyama benchi. Kenya ilikuwa na mtu kila upande, na timu yetu ya Bandari pale Mbaraki ikicheza, jukwaani unahesabu vichwa kwa vidole. Nalisema tu, hata mimi sijaenda mwaka huu.

Ya PSG, nusu fainali yetu ya mwaka huu, nitaipita upesi, najua uliingoja. Dembélé wao akafunga dakika ya nne kwetu Emirates, halafu wiki ya katikati nikajidanganya kama kila mtu. Paris kwenyewe kipa wao Donnarumma alitunyima mapema, Ruiz akafunga, Hakimi akafunga, Saka akarudisha moja, kisha goli likiwa wazi akaupaisha juu. Yamekwisha. Ila wewe nimekuwekea swali: ule usiku ulishangilia PSG kwa sababu ya chuki yako kwetu, au kwa kuwa wenye hela za PSG tangu 2011 ndio wenye mji unaokulipa mshahara? Jibu kama muungwana.

Jumamosi ni fainali Munich, PSG na Inter. Mzee wa kahawa yuko na Inter tangu 2010, alipokuwamo Mkenya wetu Mariga kikosini wakachukua kombe, na tangu siku walipowatoa Barcelona saba kwa sita anatembea kifua mbele. Mimi nasema PSG, na si kwa mapenzi. Timu iliyomtoa Liverpool Anfield kwa mikwaju ya penalti, ikatutoa na sisi, imeshazoea.

Limebaki suala la sinia. Tulipatana Agosti kwamba atakayetolewa Ulaya mapema zaidi atanunua sinia ya biriani. Si kamari, ni makubaliano. Wewe unadai umefika fainali, mimi nimeishia nusu fainali. Mimi nasema nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ina uzito kuliko fainali ya Yuropa ya timu ya 15 na ya 17, na kwanza usinitajie kuwa tumekuwa wa pili kwenye ligi mwaka wa tatu mfululizo, hilo halimo katika mapatano. Tulimpelekea mzee shauri. Akauliza, kati yenu nani ana kombe? Kimya. Akahukumu kila mmoja alipe nusu, ale yeye na wajukuu zake.

Nusu yangu nimeshatoa. Yako mpe ami yako akirudi, shilingi si riyali, na usimwambie ni ya nini, yeye ni Tottenham wa siri tangu Jumatano.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Kibokoni