Uzi, sindano na macho ya mzee

Nyalenda, Kisumu

Mama Chebet mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwa jua kali. Sisi hatujambo, Akinyi anakusalimu na kuulizia ile sare ya kwaya imefika wapi. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia, maana kwenye simu nikifungua mdomo kuhusu macho unanikatiza: “Mimi naona vizuri tu, bwana.” Karatasi haikatizwi. Utaisoma mpaka chini, hata ikibidi uishike mbali mkono mzima.

Na hilo la kushika vitu mbali nilimalize kwanza, kwa sababu ndilo jepesi. Uzi umeanza kukataa kuingia kwenye sindano, jioni unamwita Chebet akutilie, kisha unalaumu taa za KPLC. Taa hazina makosa. Ndani ya jicho kuna lenzi inayobadilika umbo ili tuone vya karibu, na mtu akishapita miaka 40 hivi inaanza kuwa ngumu, haikubali tena kubadilika. Hakuna anayekwepa. Ni vile tu fundi wa nguo anajua mapema kuliko mtu wa kulima au wa kuchunga. Dawa yake ni miwani ya kusomea, basi. Zile za vijana wanaotembeza pale stendi hazitakupofusha, usisikize maneno ya watu, ila zina nguvu ile ile kulia na kushoto, na macho ya mtu mara nyingi hayalingani. Halafu kijana wa stendi hakuangalii ndani ya jicho. Utavaa, uzi utaingia, utaridhika, na hospitali hutakanyaga. Hapo ndipo roho yangu haitulii.

Sasa nikuulize jambo, na unisamehe nikilitaja. Marehemu baba yako kule Molo, macho yake yalikuwaje? Mimi nilikuja kumsalimia nawe tulipokuwa majirani Kaptembwo, hapo Nakuru, na ninakumbuka yalikuwa meusi, safi kabisa, hayana doa. Ndiyo maana watu walinong’ona kwamba amerogwa: mzee ana macho mazuri lakini anapapasa ukuta. Wewe ulisema ni uzee.

Nilikubali hayo ya uzee mpaka yalipotufika sisi. Mama yangu alipatwa na mtoto wa jicho, huo wa kawaida, lenzi inachafuka kidogo kidogo mpaka weupe unaonekana katikati ya mboni. Tukampeleka Sabatia, ile hospitali ya macho iliyoko Vihiga. Walimdunga ganzi ya jicho tu, wakaitoa lenzi iliyochafuka, wakamwekea nyingine ya kutengenezwa itakayokaa humo maisha yake yote. Upasuaji wenyewe haukufika hata muda wa kuchemsha maharagwe. Kesho yake bandeji ilipofunguliwa alimtazama muuguzi, kisha akanigeukia mimi na kuuliza kwa nini nimekonda. Sijakonda, lakini nilifurahi sana.

Aliyemsindikiza mama ni kaka yangu Ochieng, yule wa bodaboda. Mhudumu mmoja akamwambia, “Na wewe si upimwe, kwa kuwa uko hapa?” Akakaa kwa mzaha. Walimkuta na glakoma, ile wengi wanaiita presha ya macho, na jicho la kushoto lilikuwa limeshaliwa sana. Hakuwa na maumivu. Hakuwa na wekundu. Herufi za ukutani alizisoma karibu zote. Kumbe kwa muda mrefu amekuwa akigonga fremu za milango kwa bega la kushoto na sisi tunasema ni pombe. Hata ile ajali ya tuktuk kule Kondele, aliyoapa kwamba tuktuk ilishuka kutoka mbinguni, ilitokea upande huo huo.

Nikueleze kwa kazi yako utanielewa: glakoma ni panya anayeanza kutafuna pindo za kitambaa. Katikati pamebaki pazuri, unaendelea kukata na kushona, na siku unapogundua, kimebaki kipande cha leso. Maji yaliyomo ndani ya jicho yakishindwa kutoka inavyotakiwa, presha inapanda na kuubana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Ukingo wa uoni ndio hufa kwanza, na jicho moja humfichia mwenzake aibu, kwa hiyo mwenyewe hujui. Mtoto wa jicho unaweza kusubiri, ukapasuliwa hata baada ya miaka na ukaona tena. Kilichochukuliwa na glakoma hakirudi, si kwa upasuaji wala kwa miwani. Kinachowezekana ni kuisimamisha hapo ilipofika. Ochieng sasa anatia matone kila usiku, na ni vita, kwa sababu hayampi nafuu yoyote anayoisikia. “Natia nini na sioni tofauti?” Tofauti ni kwamba bado anaona!

Daktari alituita sote tuliozaliwa tumbo moja. Alisema ugonjwa huu hutembea kwenye damu: mzazi au ndugu akiwa nao, hatari yako ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwingine, na sisi watu weusi hutupata mapema na kwa ukali zaidi. Ndugu wote tulienda. Mimi niko salama kwa sasa, nitarudi kila mwaka. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa Molo. Mimi si daktari na siwezi kuapa kilichompata. Lakini macho safi yasiyoona, ya baba mzazi, na wewe unapita 45 hujawahi kupimwa hata mara moja, Mama Chebet?

Kuna na hili la dawa za dukani. Uliniambia kwamba Chebet macho yanamwasha msimu wa vumbi, anayasugua mpaka yanakuwa mekundu, na kuna tone mnalomnunulia ambalo “linafanya kazi siku hiyo hiyo”. Nisomee jina lake. Likiwa ni deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe na mwasho. Inatuliza kweli, haraka, na ndiyo sababu watu huipenda. Ikitumiwa muda mrefu bila daktari hupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana, na sasa fikiria damu anayoweza kuwa ameirithi kwa babu yake. Muuzaji aliyekupa hakukuuliza swali hata moja, naamini. Mwoshe uso kwa maji baridi akitoka shule, mzuie kusugua maana kusugua sana huharibu umbo la kioo cha mbele cha jicho, na mwende naye hospitali siku utakayoenda kupimwa wewe.

Baba Chebet pia mvute. Sukari yake ni ya miaka mingapi sasa? Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, inavuja taratibu, na mgonjwa haoni kasoro mpaka mambo yameharibika. Mwenye sukari anatakiwa kuchunguzwa huko nyuma kila mwaka, hata kama anasoma gazeti bila miwani. Mambo yakionekana mapema, leza husaidia.

Cha kuchekesha ni kwamba wewe unaishi Nakuru. Mnajua huko kwenu ndiko watafiti walikozunguka mwaka 2007 na 2008 wakipima macho ya watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea, kisha miaka sita hivi baadaye wakarudi kuwatafuta tena? Hiyo safari ya pili aliiongoza daktari Mwingereza, Andrew Bastawrous, aliyehamia huko na familia yake. Kubeba mashine nzito vijijini kulikuwa taabu, na kutokana na kazi hiyo wakatengeneza Peek, programu ya kupima macho kwa simu: unaonyeshwa herufi E imegeuzwa huku na kule, unaonyesha kwa mkono miguu yake inaelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimwa. Watu wametoka ng’ambo kuja kupima macho Nakuru, na wewe kutoka Kaptembwo hadi hospitali kuu ya mji, ile tuliyozoea kuiita PGH, unaona mbali.

Usiogope kipimo chenyewe. Utasimamishwa mbali na ubao, mita sita, kila jicho peke yake. Hayo ya ubao yasikudanganye, Ochieng aliyapita. Waombe wakupime presha ya jicho na waangalie ule mshipa wa fahamu wa nyuma, yote mawili, kwa kuwa wapo wenye glakoma na presha yao iko kawaida, kati ya 10 na 21. Wakikutia tone la kupanua mboni, vitu vya karibu vitakuwa na ukungu kwa saa kadhaa na jua litakuchoma, kwa hiyo vaa kofia na usijipangie kushona mchana huo. Baba Chebet asiendeshe gari akitoka huko. Na uwaambie mapema habari za mzee, wasipouliza. Hilo ndilo litakalowafanya wakuangalie kwa makini.

Nauli na pesa ya kadi najua ni shida mwezi wa karo. Mwanzo wa mwezi nitakutumia kidogo kwa M-Pesa, usinirudishie kama ile mara nyingine. Ukishapimwa nitumie namba za presha, kulia ngapi na kushoto ngapi, na jina la lile tone la Chebet kama lilivyoandikwa kwenye chupa. Dada yako wa Bomet naye mpigie, ni mtoto wa mzee yule yule.

Omena nimempa dereva wa basi la asubuhi, zimo kwenye mfuko wa kaki wenye jina lako. Zianike tena kidogo kabla ya kukaanga, mvua ilitunyeshea sokoni.

Wako,
Mama Akinyi