Kwa Mwalimu, kuhusu kikundi ulichoniuliza

Mwalimu wangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na kwa shemeji. Umeniuliza ni kikundi gani kilichonisaidia kuacha pombe, ili nawe utafute cha namna hiyo huko Mombasa, na najua ungependa nikujibu kwa mstari mmoja. Mstari mmoja hautoshi, kwa sababu kikundi kilichonifaa kilikuwa cha tatu, na viwili vya kwanza nilivikimbia.

Lakini kabla ya kikundi kuna daktari. Umeandika kwamba siku hizi huwezi kushika chaki asubuhi kabla hujapata kidogo. Mwili uliofikia hapo haunyimwi pombe kwa ghafla, kwani katika siku mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kushikwa na degedege au kuweweseka, na wapo wanaokufa. Nenda hospitali, umtajie daktari kiasi unachokunywa bila kukipunguza (sisi walevi tuna hesabu zetu, sita huwa mbili). Ukiona haya kuanza na mtu ana kwa ana, piga 1192, nambari isiyotozwa pesa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Sasa vikundi, vyote vya Alcoholics Anonymous, ushirika wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Mkutano wangu wa kwanza hapa Nairobi uliendeshwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na watu waliokuwa wakisimulia mvinyo wa kwenye ndege. Mimi niliyezoea chang'aa ya kibandani nilijiona kama niliyeingia kwenye harusi bila mwaliko. Katika wa pili, bwana mmoja alishika zamu ya kusema kama mhubiri wa stendi, na kila mgeni alipofungua kinywa alimkatiza ili amshauri. Baadaye nilifahamu kwamba desturi ya mikutano hii ni kinyume chake, yaani kila mmoja husema yake na hakuna anayemjibu wala kumsahihisha. Siku ile sikulijua hilo. Nilitoka nikisema mambo haya si ya watu wa aina yangu, nikapitia baa nikiwa na sababu mpya ya kunywa, na miezi minne ikaenda hivyo.

Wa tatu ulikuwa katika chumba nyuma ya kanisa, viti vya plastiki vimepangwa duara na chupa ya chai iko mezani. Mama wa makamo aliyekuwa akigawa chai aliitazama mikono yangu, akanimiminia nusu kikombe, ilhali wengine wote aliwajazia. Hakusema neno. Nilielewa kwamba naye alikwisha kumwaga chai mbele za watu, na nikakaa mpaka mwisho.

Kwa hiyo usiupime mpango mzima kwa chumba kimoja. Uliza kwanza kama mkutano ni wa wazi, ambao hata shemeji anaweza kukusindikiza, au ni wa wenye tatizo lenyewe tu. Uliza unaendeshwa kwa lugha gani, kwa maana aibu haisemeki vizuri kwa lugha ya kuazima. Kisha hudhuria mara tatu au nne kabla ya kuamua, kwani hata kikundi kizuri huwa na jioni yake mbaya.

Unaogopa kuonekana ukiingia ukumbi wa kanisa, wewe mtoto wa madrasa. Ukumbi ni ukumbi tu. Zile hatua 12 za Alcoholics Anonymous, mwongozo wao wa kuacha pombe, zinamtaja Mungu, lakini kwa kadiri kila mtu anavyomfahamu, na kwetu yupo Mwislamu anayetoka kwenda kuswali magharibi kisha akarudi kitini pake. Sharti la kujiunga ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Hakuna ada, kikapu hupitishwa, na asiye na kitu hukipitisha kwa mwenzake. Kuhusu mwalimu mkuu kupata habari, hakuna anayekudai jina kamili, na ikiwa mji bado unakutisha, anza na mikutano ya mtandaoni, ambako unaweza kuketi bila kuwasha kamera. Mimi naiona kama daraja tu, kwa kuwa kwenye simu hakuna wa kukuona mikono.

Shemeji naye asibaki akikuchunga usiku. Kuna Al-Anon, ushirika wa jamaa za walevi uliopo tangu 1951, na mikutano yake haihusu namna ya kukuponya wewe, bali namna ya yeye kuishi.

Na ikiwa hutapata kikundi haraka, kumbuka Alcoholics Anonymous yenyewe ilivyoanza. Mwaka 1935, mjini Akron huko Marekani, Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa miezi michache bila kunywa, alihisi kiu imemrudia, akatafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Alipelekewa daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa robo saa tu, na wakakaa kwa saa kadhaa. Hadi leo desturi yao inasema kwamba walevi wawili au watatu wanaokutana ili waache pombe wanaweza kujiita kikundi.

Basi sisi tunatosha. Ukishaonana na daktari, nitakupigia kila Alhamisi saa mbili usiku mpaka upate kiti chako huko. Chemsha chai, na ujimiminie nusu kikombe.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.