Mtaje ni jeni ipi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu polepole, ilisema ugonjwa huu "uko kwenye damu ya ukoo", ikaishia hapo. Mama yetu aliugua miaka tisa kabla ya kufariki. Tangu hapo mdogo wangu akisahau tu alikoweka funguo, usiku halali. Aliposoma sentensi ile alilia.

Mlichanganya urithi wa namna mbili. Upo ule wa nadra, wa hitilafu katika jeni za APP, PSEN1 au PSEN2. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi, na akiirithi ni karibu hakika ataugua, mara nyingi kabla ya miaka 65. Familia za Antioquia, Kolombia, zimeteseka hivyo kwa vizazi. Lakini wagonjwa wa namna hii hawafiki hata asilimia 1 ya wote.

Mama alianza kusahau akiwa na miaka 74. Katika umri huo, na hii ndiyo namna ya pili, jeni inayotajwa zaidi ni APOE, iliyo kwenye kromosomu ya 19. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba aina yake ya e4 huongeza hatari, na mwenye nakala mbili, ya baba na ya mama, hatari yake ni kubwa zaidi. Hata hivyo wapo wenye e4 wanaozeeka na akili timamu, na wapo wagonjwa wengi wasio nayo kabisa. Aina ya e2 hata hupunguza hatari. Tena, watafiti walipowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, e4 ilionekana kuwa na nguvu ndogo Ibadan. Hilo nalo lilistahili kuandikwa, kwa kuwa takwimu nyingi zinazonukuliwa zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya.

Sasa mdogo wangu anataka kupima jeni zake kwa mate, kwa kifaa cha kuagiza mtandaoni. Nimemsihi amwone kwanza mshauri wa masuala ya jeni, maana majibu yake yatatugusa na sisi ndugu zake, hata tusiotaka kujua.

Mkiandika tena, tafadhali mtaje ni jeni ipi, ni nakala ngapi, na hatari imepanda kutoka ngapi hadi ngapi.

Msomaji wenu