Barua ya wazi kwa Mkuu wa Idara ya Afya: chanjo ipo, mtoto anarudishwa

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Nakusalimu kwa heshima. Ninakuandikia kuhusu chanjo zinazotolewa katika vituo vilivyo chini ya idara yako, na si kulalamika kwamba hazipo, kwa sababu zipo, zimehifadhiwa vizuri kwenye jokofu, na wauguzi wanaozitoa wanaijua kazi yao. Ninakuandikia kwa ajili ya wale wanaofika hadi kituoni kisha wakarudishwa nyumbani bila kuchanjwa, kwa sababu ambazo unaweza kuziondoa bila kusubiri bajeti mpya wala jengo jipya.

Nianze na lililonikuta mimi. Nilimpeleka binti yangu mdogo kwenye kituo kimoja cha umma, ambacho sitakitaja, ili apate chanjo ya surua na rubela. Kwenye benchi tulikuwa kina mama watatu. Muuguzi alitoka, akatusalimia kwa upole, akawahesabu watoto kwa macho, kisha akasema: "Mama zangu, leo hamjatimia. Njooni Alhamisi, mtakuwa wengi." Alhamisi nilirudi. Mwenzangu mmoja alirudi pia. Wa tatu sikumwona.

Nilipouliza kwa nini lazima tutimie, yule muuguzi alinieleza kwa uvumilivu, na maelezo yake yalikuwa ya kweli. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu ndani ya kichupa, mara nyingi cha dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake maalumu haikai: ndani ya saa 6, au shughuli ya chanjo ya siku hiyo ikiisha kabla ya hapo, kinachobaki ni cha kumwagwa. Chanjo ya kifua kikuu nayo ni hivyo hivyo, na kichupa chake mara nyingi kina dozi 20. Muuguzi anayefungua kichupa cha surua kwa ajili ya watoto watatu anaona dozi saba zikienda na maji, na anajua kwamba mwisho wa mwezi ataulizwa juu ya hizo saba. Mheshimiwa, simlaumu hata kidogo. Anafanya kile ambacho mfumo unamfundisha kukiogopa.

Lakini tazama daftari linalompa hofu hiyo. Lina safu ya dozi zilizopokelewa, safu ya dozi zilizotumika na safu ya dozi zilizopotea. Halina safu ya mtoto aliyefika akarudishwa. Dozi iliyomwagwa ina pa kuandikwa na ina wa kuiulizia. Mtoto aliyeondoka mikono mitupu hana hata mstari mmoja, na kwa sababu hiyo kila mwezi ripoti inaonekana njema. Shirika la Afya Duniani linashauri waziwazi kwamba kichupa cha surua kifunguliwe hata kama aliyefika ni mtoto mmoja, likijua fika kwamba kilichobaki kitamwagwa, kwa kuwa hasara ya dozi chache ni ndogo kuliko hasara ya mtoto mmoja anayebaki bila kinga.

Na surua haimsubiri mtoto huyo atimize wenzake. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake hubaki hewani ndani ya chumba hadi saa 2 baada ya yeye kutoka. Ndiyo maana wataalamu wanasema ugonjwa huu hauzuiliki mpaka watu 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. Tunaporudisha mtoto mmoja leo, wawili kesho kutwa, pengo la wale watano wanaobaki katika kila 100 linajaa bila mtu yeyote kuwa amekataa chanjo. Mara nyingi nasikia wazazi wakilaumiwa kwa uzembe au kwa kuamini uvumi. Wapo wa namna hiyo, sikatai. Ila yule mama wa tatu hakukataa kitu chochote. Alikuja, tena alifika kabla yangu.

Ombi langu la kwanza, basi, ni waraka wenye saini yako unaowaambia wauguzi kwamba hakuna atakayehojiwa kwa kufungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, na pamoja nao safu mpya katika daftari: waliofika wakarudishwa, na sababu.

Safu hiyo ikiwepo utaona sababu nyingine zikijitokeza. Utaona mtoto aliyerudishwa kwa sababu ana mafua au kajoto kidogo, ilhali ugonjwa mdogo wa namna hiyo si kizuizi cha chanjo. Utaona mama aliyefokewa kwa kupoteza kadi ya kliniki, kana kwamba sindano inachomwa kwenye kadi. Utaona pia mzazi aliyechelewa miezi kadhaa na anayeogopa kuja kwa aibu, au kwa kudhani kwamba mtoto atalazimika kuanza upya, ambapo kanuni ni kuendelea pale alipoishia. Dozi alizokwisha kupata hazifutiki. Jambo hili dogo likiandikwa kwa herufi kubwa mlangoni, litawarudisha wengi.

Kwa watu wazima, hali ni ya ukimya zaidi. Wengi wetu tunadhani chanjo ni mambo ya watoto wachanga, na hakuna tangazo linalotuambia vinginevyo. Mjamzito anahitaji kinga ya pepopunda, yake na ya mtoto atakayezaliwa. Ajue pia kwamba mtoto akizaliwa anatakiwa apate chanjo ya homa ya ini aina ya B ndani ya saa 24. Msichana wa miaka 9 hadi 14 anaweza kukingwa dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hata dozi moja inatosha kwa umri huo. Anayesafiri kwenda kwenye nchi yenye homa ya manjano hana budi kuchanjwa angalau siku 10 kabla, maana cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya chanjo. Aliyeumwa na mbwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aje kituoni siku hiyo hiyo, na akifika ajibiwe palepale kama chanjo ipo au aelekezwe ilipo. Ubao mmoja nje ya kila kituo, unaoandikwa upya kila Jumatatu kuonyesha chanjo zilizopo wiki hiyo, ungetuokolea safari nyingi za bure.

Kuna jambo moja jema ambalo ningependa liwe desturi ya vituo vyote. Ile Alhamisi, kabla ya kumchoma binti yangu, muuguzi alinionyesha alama iliyo kwenye kifuniko cha kichupa. Ina duara, na ndani yake mraba mdogo wenye rangi hafifu zaidi. Chanjo ikipata joto mraba huo huanza kukolea, na ukifanana na duara, kichupa hakitumiki tena. Mraba wa kile chetu ulikuwa bado hafifu kuliko duara. Nilikuwa nimejiuliza moyoni kama kukatika kwa umeme kwa siku mbili kulikuwa kumeharibu kitu, na hofu hiyo iliisha kwa sekunde tano, bila hotuba. Kisha akaniambia kwamba mtoto anaweza kupata homa kidogo siku chache baadaye, na ilipokuja sikushtuka.

Mheshimiwa, ukiridhia ombi la safu mpya, naomba kituo kianze kuijaza kwa kurudi nyuma kwenye siku ile tulipoambiwa hatujatimia. Mtoto wa yule mama ambaye Alhamisi hakuonekana alikuwa na miezi tisa, na siku ile alikuwa mzima kabisa. Wahudumu wa afya wa mtaa wanaweza kumfikia wakitumwa.

Wako kwa heshima,

Mzazi wa watoto wawili