Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Mimea na Tiba ya Saratani ya Damu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tumemwahidi mwalimu mlezi kwamba hatutazidisha dakika tano, naye ameshika saa.

Mheshimiwa, ulipoingia maabara ulipita tuta la maua yenye petali tano, mengine ya waridi, mengine meupe yenye kitone chekundu katikati. Huo ni mmea wa Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Ukivunja kikonyo chake, hutoka utomvu mweupe. Mwaka huu wote tumekuwa tukiufuatilia, kwa sababu ndani yake zimetoka dawa mbili za saratani.

Mwaka 1952, daktari mmoja wa Jamaika alituma bahasha ya majani hayo Kanada. Watu walikuwa wakiyachemsha kama chai, wakiamini yanatibu kisukari. Majani yakamfikia mtafiti Robert Noble. Panya walionyweshwa, sukari yao haikushuka. Waliodungwa sindano ya maji ya majani hayo wakafa kwa maambukizi ndani ya siku chache. Sisi, tukiri tu, tungeandika "jaribio limeshindikana" na kwenda chakula cha mchana. Noble alipima damu, akakuta chembe nyeupe zimepukutika. Na lukemia, yaani saratani ya damu, ni kinyume chake: chembe nyeupe zinazozaliana ovyo ndani ya uboho mpaka zikakosesha chembe nyingine nafasi.

Yeye na mwenzake Charles Beer wakaichuja dawa ya vinblastini, wakaitangaza mwaka 1958. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963, na hadi leo imo katika mchanganyiko wa dawa wanazopewa watoto wenye lukemia kali ya limfoblasti. Palipo na matibabu kamili, takriban watoto 9 kati ya 10 wanapona, ingawa sifa hiyo si ya vinkristini peke yake.

Inafanyaje kazi? Tulitazama kwa darubini ncha ya mzizi wa kitunguu. Kromosomu zilikuwa zimejipanga katikati ya seli. Katika seli ya jirani zilishaanza kwenda pande mbili, kama zinavutwa kwa kamba. Kamba hizo ndizo vinkristini inazozizuia zisijengeke. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, ikafa.

Mheshimiwa, tulifanya kosa moja. Tulisimika kibao kwenye tuta: "Dawa ya Saratani ya Damu". Wiki haikuisha, tukakuta matawi yamechumwa. Hatujui nani aliyachemsha, wala alimpa nani. Kibao cha sasa kinasomeka: "Sumu. Usichume." Dawa na sumu, maneno yote mawili ni ya kweli, kwa sababu vinkristini hiyohiyo hudhuru mishipa ya fahamu hata ikitolewa na daktari, na ikidungwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo huua.

Ndiyo maana hatukubali haraka tunapoambiwa kwamba manjano au habasoda inatibu lukemia. Kurkumini na timokwinoni, viini vya mimea hiyo, vimeua seli za lukemia kwenye visahani vya maabara. Hata spiriti huziua humo. Kazi ni kuziua ndani ya mtu bila kumuua mtu.

Zaidi ya kilo 500 za majani makavu zinahitajika kupata gramu moja ya vinblastini. Kwa vinkristini, dozi moja ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2. Mizani ya maabara yetu haisomi chini ya gramu moja. Dozi hiyo tukiiweka juu yake, itasoma sifuri.

Kwa hiyo ombi letu ni moja, Mheshimiwa: mizani inayosoma miligramu.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Sayansi