Mdomo wa bomba la breki ukunjwe mara mbili

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi wanaojitengenezea mabomba ya breki waache kutanua mdomo wa bomba mara moja tu, kwani ukuta huo mmoja mwembamba hupasuka kwa urahisi chini ya shinikizo la mafuta, ambalo dereva akikanyaga kwa nguvu huweza kupita bar 70. Mdomo ukunjwe mara mbili, yaani ukingo urudishwe ndani ili ukuta uwe wa tabaka mbili, kwa pembe ya nyuzi 45 pale kiungo kinapodai hivyo. Kiungo cha nyuzi 37 hakitaoana nao hata nati ikazwe vipi. Kabla ya kukunja, vinyweleo vya metali vinavyobaki bomba linapokatwa viondolewe kwa tupa, ndani na nje, na nati itangulie kuvishwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Shaba tupu isitumike kamwe. Aloi ya shaba na nikeli hukunjika vizuri na hustahimili kutu.

Msomaji wako