Zainabu, kijiti kikae kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma jana baada ya Isha, nikaona si wa kujibiwa kwa sauti ya WhatsApp huku wajukuu wakipiga kelele. Umeniuliza kama ukatoe kijiti cha uzazi wa mpango mwezi ujao, ushike mimba. Hapana, mama, si mwezi ujao. Upasuaji wa kupunguza uzito ulifanyiwa Februari hii, kwa hiyo mwaka na nusu unatimia Agosti ya mwakani. Ikifika Agosti utapima damu, majibu yakiwa mazuri ndipo ukitoe.

Najua unakosukumwa. Mavyaa wako amekuona umepungua na umechangamka, na kila akija Tabata anaangalia tumbo lako kabla ya kukutazama usoni. Na wewe mwenyewe umeona hedhi iliyokuwa ikija inapotaka sasa haikosi mwezi. Hilo ni la kweli. Mafuta yakipungua mwilini, homoni hukaa sawa na mayai huanza kutoka, hata kwa mwanamke aliyekwisha kuambiwa ana vivimbe kwenye ovari na asitegemee kupata mtoto upesi. Ndiyo maana sisi wakunga tunakiogopa kipindi hiki: mimba huingia wakati mwili haujawa tayari, na mwenyewe hajui kwa sababu alishazoea kukosa hedhi. Wifi yako anayekushauri urudi kwenye vidonge vya majira usimsikilize. Kwa upasuaji kama wako vidonge vya kumeza si vya kuaminika, maana hujui utumbo umevinyonya kiasi gani. Kijiti hakipiti tumboni, na kitanzi vilevile.

Madaktari wengi wanasema subiri miezi 12 hadi 24. Wewe hukupunguzwa tumbo tu. Ulibakishiwa kifuko cha mililita 30 hivi, kisha utumbo ukavutwa na kuunganishwa hapo, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo mwembamba, na hapo ndipo madini chuma na kalsiamu hunyonywa zaidi. Vitamini B12 nayo huhitaji tumbo lifanye kazi yake kwanza, na kubwa la tumbo lako sasa limekaa pembeni. Mwaka wa kwanza unaishi kwa kula kibubu chako mwenyewe. Mtoto akiingia sasa, mtakivunja wawili.

Kuna utafiti wa Sweden uliochapishwa 2015 ambao huwa naukumbuka, kwa sababu unasema mazuri na mabaya bila kuficha. Waliwalinganisha wajawazito waliofanyiwa upasuaji na wengine waliokuwa na uzito kama wao wa zamani ila hawakufanyiwa. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 1.9 kwa waliofanyiwa, na 6.8 kwa wenzao. Watoto wakubwa kupita kiasi walipungua pia. Lakini watoto wadogo kuliko umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6, dhidi ya 7.6. Kwa hiyo hukukosea kufanya upasuaji, na nisingependa mtu akutie hofu kwamba umejiharibia uzazi. Tutakachokilinda ni ukuaji wa mtoto, basi. Omba utrasaundi ya kupima ukuaji tangu wiki ya 24, irudiwe kila wiki nne hadi sita, wasikufanyie moja ya kujua jinsia wakakuaga.

Sasa lile ninalotaka ulisome mara mbili. Mtaani umesema umepungua kwa mazoezi na kuacha wali wa usiku. Sawa, mwili ni wako na majirani hawakudai hesabu. Lakini kliniki hiyo siri isiingie. Kadi ya kliniki ina mahali pa kuandika umezaa mara ngapi na kama ulijifungua kwa kisu. Ya utumbo wako hakuna atakayekuuliza. Matundu yako matano yamepona mpaka hayaonekani. Muuguzi atakuona dada mwenye afya, atakupa huduma kama ya mwenzako uliyeketi naye benchi, na hapo ndipo mambo yatakapoharibika bila mtu kukosea. Kwa hiyo sema wewe, siku ya kwanza, na wambie waandike kwa kalamu nyekundu juu ya kadi. Zamu ikibadilika, sema tena.

Nikupe mfano. Wiki ya 24 mpaka 28 watataka unywe yale maji ya glukosi, gramu 75 kwa mkupuo, kupima kisukari. Kwako wewe sukari hiyo inamwagika kwenye utumbo mara moja: moyo unakwenda mbio, jasho, kuharisha, kizunguzungu, na baada ya muda sukari inashuka mno. Omba badala yake upime sukari nyumbani kwa kidole, wiki nzima, kabla na baada ya kula. Mashine hizo nitakununulia mimi.

Mfano mwingine ni wa foliki asidi. Daktari wa India alikwambia utumie miligramu 5 kwa siku kabla ya mimba, kwa kuwa uzito bado uko juu. Sikatai, hiyo ni mpaka wiki ya 12. Lakini miezi mitatu ya kwanza ikipita, hapa kwetu utaanza kupewa SP ya kinga ya malaria, na foliki asidi nyingi kiasi hicho inaiondolea SP nguvu. Wiki ya 12 ikiisha, shuka kwenye ile ndogo ya mikrogramu 400. Yule wa India halijui hili kwa sababu halimhusu, na wa kliniki hatalijua kwa sababu hukumwambia kitu.

Tumbo likikuuma, mwanangu, usimeze dawa ya kiungulia ukalala. Baada ya upasuaji kama wako hubaki nafasi ndani ambamo utumbo unaweza kupenya na kujinyonga, na mfuko wa uzazi ukikua unausukuma zaidi. Maumivu makali ya juu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, pamoja na kutapika, ni ya hospitali yenye daktari wa upasuaji, usiku huohuo, hata wakikwambia mimba zote huuma. Na ukitapika siku kadhaa mfululizo, kabla hawajakutundikia dripu ya glukosi waombe vitamini B1 kwanza. Sema hivyo hivyo, B1 kwanza. Ikikosekana, ubongo unaweza kuumia.

Vipimo vya kabla: wekundu wa damu, feritini (akiba ya madini chuma), B12, foliki, vitamini D, kalsiamu na vitamini A. Ukishashika mimba virudiwe kila miezi mitatu. Sindano ya B12 usiruke. Vidonge vya kuongeza damu meza asubuhi na chungwa, kalsiamu iwe mbali navyo kwa saa mbili au zaidi, maana vinagombania mlango mmoja. Chai ya rangi isikae karibu na mlo. Ile chupa ya vitamini uliyorudi nayo India isome vizuri. Kama vitamini A yake ni retinoli, ibadilishe utafute yenye beta-karotini kabla ya kutoa kijiti, kwa kuwa retinoli nyingi humdhuru mtoto tumboni. Ndiyo sababu hata maini, ambayo shangazi zako watakuletea kwa bakuli ati uongeze damu, usile kila siku. Na ukijikuta unatamani udongo ule wa vipande vya sokoni, usiununue. Nipigie. Hiyo mara nyingi ni damu imepungua, na udongo wenyewe unazuia madini chuma yasinyonywe.

Chakula chako anza na protini: samaki, mayai, dagaa, maharage, mtindi. Lenga gramu 60 kwa siku, kidogo kidogo, na maji kati ya milo, siyo pamoja nayo. Watakuja wa kukuambia unakula kwa wawili. Kifuko chako hakijui hesabu hiyo, ukijilazimisha utatapika tu. Nimewahi kuona mzazi analishwa uji wa pilipili manga na asali huku jasho linamtoka na mikono inatetemeka, na wote chumbani wanasema ni uzazi. Ukijifungua, jikoni nitakaa mimi. Ramadhani ukiwa na mimba usijaribu kufunga, ruhusa unayo, utalipa.

Jambo la mizani ndilo ninaloliona gumu kwako kuliko yote. Umehangaika nayo tangu sekondari, na sasa kila Jumatatu unanitumia namba. Ukiwa na mimba namba itapanda, na inatakiwa ipande. Nakuomba usije ukaanza kuruka mlo wa usiku ili ibaki chini. Nakujua. Mumeo akiona unapima kwa kujificha, nimemruhusu aifungie kabatini.

Kujifungua usiogope. Upasuaji wako peke yake si sababu ya kisu. Ukiwa huna tatizo lingine utasukuma kama mwanamke mwingine. Ila maumivu ya baadaye wasikupe diklofenaki wala ibuprofeni, zitakuchoma kifuko upate vidonda. Parasetamoli inatosha, au watafute nyingine. Na utanyonyesha, kwa sharti sindano zako za B12 ziendelee, kwa sababu ukipungukiwa wewe, maziwa nayo yatapungukiwa.

Kuhusu mavyaa wako, huyo niachie mimi. Akiuliza tena, mwambie mama amesema mpaka mwakani, na sababu amuulize mwenyewe. Namba yangu anayo, ila nitampigia kabla ya Ijumaa asije akanitangulia.

Mwezi ujao badala ya kutoa kijiti nenda kapime damu, tujue tunaanzia wapi. Majibu nitumie picha yake yote, hata pale walipoandika kawaida. Nataka kuona namba.

Mama yako,
Tanga